Kupe wa Matangani

Fomu ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza MNYAMA, ya pili MMEA, ya tatu MTU. Nathanieli alikuwa amezunguka Muleba miezi miwili na nusu juu ya baiskeli ya ofisi ya mifugo, akazijaza safu mbili za kwanza mpaka ikabidi aombe karatasi nyingine, na ile ya tatu ilikuwa bado tupu kama siku alipokabidhiwa.

Safu ya mnyama haikuwa na kazi. Tangu vita, majosho mengi yalikuwa makavu na ng'ombe hawajaogeshwa miaka. Wengine walikuwa wamevuka mpaka nyuma ya askari bila kuulizwa wametoka wapi, kila mmoja na kupe wake. Ukishika sikio la ndama mmoja tu, kichupa kimejaa. Safu ya mmea nayo ilikuwa na utaratibu wake. Alipewa kitambaa cheupe cha flana, meta moja kwa meta moja, kimefungwa kwenye fimbo. Kazi yake ilikuwa kukiburuta juu ya nyasi za rweya, ile mbuga ya wazi iliyo kati ya kijiji na kijiji, kisha kukigeuza na kuwahesabu kupe waliodandia. Watu waliomwona kwa mara ya kwanza, mtu mzima anaburuta shuka nyikani peke yake huku akihesabu hatua, walidhani vita vilimharibu akili. Ni kweli alipigana, alikuwa mgambo na alifika mpaka Masaka. Lakini akili yake ilirudi salama. Kilichomsumbua kilianza Februari ya mwaka huu wa themanini na nane, nyumbani kwao Nyanga.

Februari hiyo ndipo Kezia alipoteremka kwenye gari kutoka Kampala. Kezia alikuwa mdogo wake wa kike, wa tumbo moja. Baada ya vita alikwenda huko kuuza vitenge, akawa analeta nyumbani sabuni na chumvi wakati wengine wanaoga kwa majivu. Sasa alirudi na sanduku moja na mwili nusu ya ule alioondoka nao. Hakukuwa na haja ya daktari. Ugonjwa ule ulikuwa umeshazoeleka Bukoba, watu waliupa hata jina la shati lililokuwa la fasheni. Nathanieli alisimama mlangoni, akamtazama dada yake, na mbele ya mama yao akasema:

"Ulikwenda mwenyewe, umejiletea mwenyewe."

Kezia aliweka sanduku chini. Aliomba chai tu. Asubuhi yake Nathanieli akasikia ofisini kuwa anatafutwa mtu wa kwenda Muleba miezi minne kuhesabu kupe, kazi ambayo kila mtu alikuwa akiipiga chenga. Alinyoosha mkono kabla bosi hajamaliza kusema.

Kwa hiyo alikuwa na kazi mbili, moja iliyoandikwa kwenye barua na moja isiyoandikwa. Isiyoandikwa ilikuwa kutorudi Nyanga. Alitaka sana kumwomba Kezia msamaha, na alitaka sana asiwe mbele yake wakati wa kumwomba. Mtu mzima na akili zake anaweza kukaa na mambo mawili ya namna hiyo hata mwaka mzima. Tatizo ni kwamba Kezia hakuwa na mwaka.

Mwezi wa tano ikaja barua kutoka kwa mkuu wa utafiti, Daktari Shilogile, Msukuma mmoja mwenye mwandiko mdogo aliyekaa Mwanza. Alishukuru kwa vichupa mia mbili vya ng'ombe. Alishukuru kwa vichupa sitini vya nyasi. Kisha aliuliza kama watu wa Muleba wana ngozi ya bati. Utafiti ulikuwa wa wanyama, mimea na watu. Bila kupe wasiopungua sitini kutoka kwa watu, haukuwa utafiti. Nathanieli aliisoma ile barua mara mbili, akafurahi. Sitini ni wengi. Sitini wangechukua muda.

Alianza kuuliza nyumba hadi nyumba, na akagundua kuwa hakuna binadamu mwenye kupe. Ng'ombe wanao, mbwa wanao, jirani pengine anao, lakini mwenye nyumba hana.

"Kupe?" mwalimu mmoja wa karibu na Rubya alimjibu, huku akijikuna kifundo cha mguu. "Unaniona mimi mbwa?"

Wiki tatu zikapita, safu ya tatu ikiwa na kupe mmoja, naye Nathanieli alimtoa kwenye goti lake mwenyewe, akamwandika kwa shingo upande kwa sababu hakuwa na uhakika kama mpimaji anaruhusiwa kujipima.

Wakati huo alikuwa amepanga kwa mzee mmoja wa Nshamba aliyeitwa Ta Rugambwa. Siku moja Ta Rugambwa alimwambia aweke vichupa vyake pembeni, kuna msiba kwa Ma Bernadina, kijana wake wa tatu, na mgeni anayelala kijijini hapiti msiba. Wakaenda. Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi kama desturi inavyotaka, nyasi mbichi zilizokatwa asubuhi ile, zimemwagwa kutoka ukuta mpaka ukuta, maana wafiwa hawalali kitandani wala hawakai kitini mpaka matanga yaishe. Nathanieli akaketi chini na wenzake. Baada ya wimbo wa pili akahisi kitu kinatembea kwenye muundi wake. Akainua macho. Chumba kizima kilikuwa kinajikuna. Walijikuna kwa adabu, bila kukata wimbo, mkono mmoja ndani ya kitenge au ndani ya suruali.

Zile nyasi zilikuwa zimetoka kwenye rweya ileile aliyoiburutia shuka yake juzi.

Furaha ilimpanda, na aibu ikampanda nyuma yake. Alivumilia mpaka sala ikaisha, kisha akamnong'oneza Ta Rugambwa, na Ta Rugambwa akasimama akawatangazia wafiwa kuwa huyu kijana ni wa serikali, anaomba kupe kwa mwenye kupe. Hakuna aliyekataa. Nyumbani kwake mtu hana kupe, lakini matangani kupe ni wa nyasi za msiba, si wa mtu. Hakuna aibu. Walipanga mstari, akawatoa mmoja mmoja kwa kibanio chake: saba kahawia wa masikioni, wawili wa madoadoa. Tisa kwa mpigo.

Alikuwa nje, kwenye keria ya baiskeli, anaandika vikaratasi vya kutia ndani ya vichupa, Ma Bernadina alipokuja kusimama kando yake. Alikuwa mwanamke mfupi, macho makavu. Nadhani alikuwa ameshayamaliza machozi kwa wale wawili wa kwanza.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Tarehe, Ma Bernadina. Mahali. Aliyekutwa naye. Sehemu ya mwili. Aliyekusanya."

"Mahali umeandikaje?"

"Nshamba, kwa Ma Bernadina, matangani."

"Matangani kwa nani?"

Nathanieli akamweleza kuwa kikaratasi hakiulizi hilo. Ma Bernadina akakipokea, akakigeuza mbele na nyuma, na kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Maelezo mengineyo."

"Hapo pana nafasi. Mwandike. Anaitwa Fidelis. Hakuwa na mtoto wa kubaki na jina lake. Wale wawili wa kwanza hakuna aliyewaandika popote."

Nathanieli angeweza kumweleza kuwa hii ni karatasi ya kupe. Alitazama ule uso, akaandika: *Msiba wa Fidelis.*

"Mbona penseli?" Ma Bernadina akauliza. "Penseli inafutika."

"Kwenye spiriti wino ndio unaoyeyuka, mama. Penseli inakaa miaka na miaka."

Akamwonyesha kichupa, kikaratasi kimo ndani, maandishi yanasomeka. Ma Bernadina alikishika kwenye mwanga kwa muda mrefu. Kisha akamshukuru kwa mikono miwili, akarudi ndani kuketi kwenye nyasi.

Na hapo ndipo yule mama alipomharibia Daktari Shilogile utafiti wake. Alichoelewa, na alichowaeleza wengine kanisani, sokoni na kisimani, ni kwamba serikali imeleta mtu wa kuandika marehemu. Majina yanawekwa kwenye dawa, yanapelekwa Mwanza, hayaozi. Ila serikali kama unavyoijua, haipokei jina mikono mitupu. Lazima jina liende na kupe.

Kuanzia siku ile Nathanieli hakutafuta tena misiba, misiba ilimtafuta. Na mwaka ule misiba haikuwa ya kutafutwa. Kulikuwa na vijiji ambako nyasi za rweya zilikatwa kila wiki mpaka ng'ombe wakakosa pa kulisha. Alifika, akaketi chini, akaimba, akatoa kupe, akaandika jina. Mwanzoni alijaribu kueleza. Baadaye akaona kueleza ni ukatili na kutoeleza ni uongo, akachagua uongo.

Kisha wakaanza kuja na kupe wao kutoka nyumbani. Mjane mmoja wa Kamachumu, Klaudia, alimletea kupe mnene wa kijivu, amevimba kama punje ya buni, akala kiapo kuwa amemtoa kwenye paja lake. Nathanieli alimtazama yule kupe. Kupe wa kushiba namna ile alihitaji siku sita kwenye kiwele cha ng'ombe. Mtu angemwona, angemhisi, angempa na jina.

"Pajani, Klaudia?"

"Pajani, waitu, bwana wangu."

"Hakukuuma?"

"Nilikuwa na mengine ya kuniuma."

Akaandika: *Mtu. Paja. Maelezo mengineyo: msiba wa Deogratias, fundi baiskeli.*

Mwingine aliyekuja alikuwa Ta Kagaruki, mzee aliyetembea nusu siku na fimbo. Kupe wake alikuwa ndani ya jani la mgomba lililofungwa kwa uzi. Mtoto wake hakufa kwa ugonjwa. Alikwenda vitani mwaka sabini na tisa na hakurudi, wala mwili haukurudi, na kwa kuwa hapakuwa na mwili hapakuwa na matanga, na kwa kuwa hapakuwa na matanga nyasi hazikutandikwa.

"Kwa hiyo huyu kupe si wa mtu," mzee alikiri. "Nimemwokota tu majanini, pale ambapo ningezikata nyasi zake. Nimeona nisikudanganye."

Kwa haki kupe yule alikuwa wa safu ya mmea. Nathanieli alimtia kwenye safu ya mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amepita vitani kule alikopita kijana wa Ta Kagaruki, na aliporudi hakuna aliyemuuliza ni kwa nini yeye amerudi.

Wakati huo barua za mama yake zilikuwa zinamfikia. Zilikuja kwa mkono wa kondakta wa basi la Bukoba, zimekunjwa mara nne. Ya kwanza ilisema Kezia anamuulizia. Alijibu kuwa amefika kumi na nane, akifika sitini atakuja. Ya pili ilisema Kezia hawezi tena kutembea mpaka shambani. Alijibu amefika arobaini na tatu. Ya tatu haikuuliza kitu, ilisema tu kuwa Kezia amecheka jana. Ilipofika siku ya kupe wa sitini, Nathanieli alikaa kwenye kitanda chake kwa Ta Rugambwa na kile kichupa mkononi, akafikiri kuwa sitini ni idadi ndogo mno kisayansi. Akaamua kwenda mpaka themanini.

Haya, mtu huyu alikuwa ameketi kwenye nyasi za nyumba ishirini na sita. Alikuwa amewashika mikono watu wasiomjua. Kila nyumba alisema pole, na aliisema vizuri, kwa sauti iliyotoka moyoni. Pole moja tu ilimshinda, na ilikuwa saa chache kwa gari.

Mwanzoni mwa Julai kondakta alimpa kiberiti badala ya barua. Kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi, rangi ya msiba. Nathanieli alipouona ule uzi aliketi palepale kituoni juu ya gunia la mtu, mwenye gunia akamwachia. Alifungua akijua atakachokuta. Ndani mlikuwa na kupe, hai, anatembea, na karatasi yenye mwandiko ulioyumba.

*Kaka, nasikia siku hizi huingii kwenye nyumba ya mtu mpaka awe amekufa. Nasikia pia huendi mahali bila kupe. Huyu ni wa mbuzi wa mama. Mimi bado niko. Njoo umchukue mwenzake. Uzi mweupe umekwisha, usiogope. Kezia.*

Alicheka, na katikati ya kicheko akalia mbele ya abiria wote. Mchana huohuo alipakia baiskeli, vichupa na shuka yake nyeupe juu ya lori la kahawa.

Kezia alikuwa amelazwa sebuleni, karibu na dirisha, juu ya godoro, ili aone njia. Sakafu ilikuwa imefagiwa, simenti tupu, na Nathanieli alijikuta anaitazama ile sakafu kwanza kabla ya kumtazama dada yake.

"Hamna nyasi," Kezia akamwambia. "Umewahi. Keti kwenye kiti kama mtu wa kawaida."

Akaketi. Mama yao alileta chai, akawatazama wote wawili, akakumbuka kazi aliyokuwa nayo shambani. Nathanieli alianza kueleza kuhusu barabara. Barabara ilikuwa mbaya. Akaeleza kuhusu lori. Alipofika kwenye bei ya pampu ya baiskeli, Kezia akafumba macho.

"Kezia. Lile neno nililosema."

"Lipi? Wewe umesema mengi tangu uzaliwe."

"La kwamba umejiletea mwenyewe."

"Ah. Hilo."

"Nisamehe. Halikuwa neno la kumwambia mtu. Niliogopa, ndiyo maana nilisema, na nikaogopa zaidi kurudi. Nimekosa miezi minne."

"Mitano kasoro siku tisa," Kezia akasema. Alikuwa akihesabu. "Lile neno nilikusamehe tangu Machi, maana hata mimi nilikuwa nimeshajiambia kabla yako. Kutokuja ndiko nilikokuwa sijakusamehe. Sasa umekuja, usinichoshe. Inamisha kichwa."

"Nini?"

"Inamisha kichwa, una kitu nyuma ya sikio."

Aliinama. Vidole vya Kezia vilikuwa vikavu na vya moto. Alikitaka kibanio, akapewa, akamwambia asitikisike. Ikawa mara ya kwanza hapana, ya pili hapana, ya tatu akampata: kupe wa madoadoa, jike, kutoka nyumba ipi kati ya zile ishirini na sita hakuna awezaye kujua. Nathanieli aliyekuwa amewatoa watu wengine kupe wote wale hakuwahi kutolewa na mtu.

"Sasa andika," Kezia akasema.

"Nitaandika baadaye."

"Lete hapa. Najua kusoma na kuandika, nilikuwa nauza vitenge kwa lugha tatu."

Alimpa kikaratasi na penseli. Kezia aliandika polepole, akipumzika kila baada ya mstari. *Mahali: Nyanga, nyumbani. Aliyekutwa naye: Mtu, hai. Sehemu ya mwili: nyuma ya sikio. Aliyekusanya: Kezia.* Alipofika kwenye maelezo mengineyo, aliomba aone daftari ambamo Nathanieli alinakili kila kitu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Marehemu wengine aliwajua. Mmoja alikuwa amesoma naye. Mwingine alikuwa amemuuzia kitenge cha harusi.

"Wote umewaweka huku mwisho."

"Fomu haina pengine, Kezia."

"Mimi usije ukaniweka huku." Akapiga mstari kwenye maelezo mengineyo, mstari mmoja ulionyooka, kisha akaweka kidole juu ya jina lake. "Mimi niko hapa. Mimi nimefanya kazi."

Na akafanya kazi kweli. Siku zile mtu yeyote aliyekuja kumwona mgonjwa alikaguliwa. Mbuzi wa mama waliletwa mpaka dirishani, mmoja mmoja, na mbwa wa majirani pia. Mchungaji alikuja kumwombea, akatolewa wawili kwenye soksi. Wanawake waliokuja na nyuso za kulia waliondoka wakijikuna na kucheka. Nathanieli alishika kichupa, Kezia alishika kibanio, na siku mkono uliposhindwa kabisa, alionyesha kwa kidole na Nathanieli akatoa, lakini jina kwenye kikaratasi lilikuwa la Kezia. Alifikisha arobaini na mmoja. Siku ya ishirini na mbili tangu kaka yake arudi, Alhamisi asubuhi, aliomba chai, na kabla haijapoa akafa.

Nathanieli alikwenda rweya mwenyewe na panga. Hakutaka kusaidiwa. Alikata nyasi, akazifunga, na hakuzikung'uta.

Majirani walikuja, ndugu walikuja. Siku ya pili ya matanga wakaanza kuja watu ambao mama yake hakuwajua. Waliteremka kwenye malori, wengine walitembea kutoka stendi, watu wa Nshamba, wa Kamachumu, wa Rubya. Hakuna aliyewaita. Huyu kijana alikuwa ameketi kwenye nyasi zao, nao wamekuja kuketi kwenye zake. Ta Rugambwa alikuja. Klaudia alikuja. Ta Kagaruki alikuja na fimbo yake, na sijui kwa miguu ile alifikaje. Na kila mmoja alikuwa na kitu mkononi, jani lililofungwa, kiberiti, ncha ya leso yenye fundo. Walipanga mstari mbele ya Nathanieli bila kuambiwa, Ma Bernadina akiwa wa kwanza.

"Tumemletea," akasema, akifungua jani. "Mwandike dada yako."

Nathanieli alitikisa kichwa.

"Ameshaandikwa, Ma Bernadina."

"Na nani?"

Akaenda kwenye sanduku la vichupa, akaleta kimoja, akampa. Ma Bernadina hakujua kusoma, lakini alikuwa amejifunza vizuri sura ya kile kikaratasi, kila mstari na mahali pake. Alikiinua kwenye mwanga, akatafuta mstari wa mwisho, akakuta umepigwa mstari.

"Hapa hayupo."

"Hayupo hapo. Yuko hapo juu. Aliyekusanya."

"Aliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe. Vyote hivi arobaini na kimoja."

Ma Bernadina alikirudisha kile kichupa kwa mikono miwili. Alisimama akafikiri kidogo, mstari mzima nyuma yake ukisubiri. Kisha akanyoosha mkono wenye jani la mgomba, na juu ya jani yule kupe anatembea.

"Basi huyu nimemkusanya mimi," akasema. "Niandike na mimi hapo, ningali hapa."

Nyuma yake Klaudia akasogea, na Ta Kagaruki akafungua kiberiti chake kuhakikisha kupe wake bado yumo. Nathanieli alikaa chini kwenye nyasi, akachonga penseli, akamuuliza Ma Bernadina jina lake kamili.